Pima Kwanza, Spea Baadaye: Maneno Niliyowaambia Mafundi na Wenye Benzi Kuukuu Hapa Bombo

Asalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliofunga kazi zenu Jumamosi hii mkaja kuketi uani hapa. Waliotoka Wobulenzi na Luweero, poleni na safari. Kabla sijaanza, naomba jambo moja: ile Benzi nyeupe inayonguruma chini ya mwembe, mtu asiizime. Nimemwomba mwenyewe aiache hivyo hivyo, na baadaye mtaona kwa nini.

Nimeitwa nizungumze juu ya magari ya kifahari yaliyozeeka. Nitazungumza zaidi juu ya Benzi, kwa kuwa ndizo nilizozishika kwa mikono hii zaidi ya miaka thelathini, na ndizo zilizosimama katika nyua zetu zikingoja fundi. Mnakumbuka Kiswahili chetu kilivyolipa gari hili heshima na lawama kwa mpigo mmoja: wakubwa wa nchi tukawaita Wabenzi. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa baiskeli, na neno hilo alikuwa akilitamka kwa uchungu. Leo mambo yamegeuka. Mwenye Benzi ya mwaka 1990 si waziri tena. Ni mwalimu mstaafu, ni sajenti aliyelipwa kiinua mgongo chake, ni mama wa duka la vitenge aliyeinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu. Gari lilitengenezwa kwa ajili ya tajiri, nalo limemfikia mtu wa kawaida likiwa bado na mahitaji ya kitajiri, wala halina hata karatasi moja ya kuonyesha lilihudumiwa lini na nani.

Ndiyo maana kosa la fundi kwenye gari hili linauma. Tajiri ukimbadilishia kitu kisichoharibika, hasira zake ni za siku mbili. Mwalimu mstaafu ukimfanyia hivyo, umekula karo ya mjukuu.

Tena kuna jambo la sheria. Tangu sheria ya usalama barabarani ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe haliruhusiwi kuingizwa Uganda. Kwa hiyo hizi Benzi za miaka ya 1980 na 1990 tulizo nazo ndizo hizo hizo. Kila moja inayokatwa vipande ikauzwa kama chuma chakavu, haiji nyingine mahali pake. Nimeziona nyingi zikikatwa, na nawaambieni kwa moyo wangu wote, nyingi hazikuwa zimekufa. Zilichokwa. Mwenyewe alilipa, akalipa, akalipa, ugonjwa ukabaki pale pale, mwisho akasema basi. Na ugonjwa wenyewe ulikuwa waya, au relei, yaani kile kisanduku kidogo kinachounganisha na kukata umeme, au mpira wa duara usiozidi kidole.

Nitawapa kisa kimoja kwa urefu, kwa sababu ndicho kilichonibadilisha mimi mwenyewe.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa na 300E ya mwaka 1989. Ni bodi ile tunayoiita 124, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, yenye injini ya M103, silinda sita mstari mmoja. Gari likiwaka asubuhi, linakwenda vizuri kabisa. Likishapata moto, dakika thelathini au arobaini, linazima kama mtu aliyekatwa usemi. Ukingoja nusu saa, linawaka. Mzee alikuwa amelipeleka gereji moja Kampala, sitaitaja. Walimbadilishia pampu za petroli, zote mbili, maana 300E ina pampu mbili zilizokaa chini karibu na gurudumu la nyuma la kulia. Halikupona. Wakabadilisha filta. Halikupona. Wakabadilisha plagi, waya za plagi na kifuniko cha distribyuta. Halikupona. Siku aliponifikia mimi alikuwa ameambiwa atafute kompyuta ya injini, na alikuja na pesa mkononi ili nimtafutie.

Nami nakiri mbele yenu: miaka mitano kabla ya siku ile ningezipokea pesa zile na kwenda Kisekka, soko la spea kule Kampala, kutafuta kompyuta. Nilikuwa fundi wa kubahatisha kama wao. Aliyenikanya ni mjomba wangu, aliyenifundisha kazi hapa hapa Bombo. Alikuwa akiniuliza swali moja kila nilipomwambia "nadhani ni pampu". Akisema: umeipima? Basi. Hana jingine. Umeipima? Nikisema hapana, anageuka anaendelea na kazi yake kana kwamba sikusema kitu.

Kwa hiyo nikamwambia mzee, kaa, tunywe chai, tuliache gari lingurume mpaka lizime lenyewe. Gari linalozima likiwa na moto usilipime likiwa baridi, hutaona kitu. Ni kama kumpeleka mtoto kwa daktari siku ambayo homa imeshuka. Likazima. Hapo ndipo kazi ilipoanza, na ilibidi niharakishe kabla halijapoa. Injini ya petroli ikikataa kuwaka unatafuta vitu viwili kwanza: moto, yaani cheche ya plagi, na petroli. Nikachomoa waya mmoja wa plagi, nikauwekea plagi nzima ya majaribio iliyoshikana na bodi, mwanangu akapiga stata. Moto upo, wa buluu, unapiga vizuri. Basi si moto. Nikamwambia ageuze ufunguo bila kupiga stata, nami nikaenda nyuma nikainama. Katika gari lile, ukifungua ufunguo pampu huvuma kidogo kwa kitambo cha sekunde moja hivi, halafu hunyamaza. Haikuvuma.

Sasa hapa ndipo wale wenzangu walipoteleza. Pampu haivumi, kwa hiyo pampu ni mbovu. Hapana, wazee. Pampu haivumi, kwa hiyo aidha pampu ni mbovu au umeme haujaifikia. Hayo ni mambo mawili, na mita ya umeme inayatenganisha kwa dakika moja. Nyuma ya betri, chini ya kifuniko cha plastiki, kuna relei ya pampu. Niliichomoa, nikaunganisha njia ya betri na njia ya pampu kwa kipande cha waya chenye fyuzi katikati. Pampu zikavuma zote mbili. Pampu mpya za watu, nzima kabisa, zimelipiwa bure.

Nikalifungua lile sanduku dogo la relei. Ndani kuna kibao chenye miguu iliyoshikwa kwa lehemu. Nikatoka nalo juani, nikachukua kioo cha kukuzia. Lehemu nzima hung'aa, imeushika mguu kama udongo ulioshika kigingi. Kwenye mguu mmoja niliona duara jeusi limeuzunguka, jembamba kuliko unywele. Ule ni ufa. Relei ikiwa baridi, mguu unagusana na lehemu, umeme unapita. Ikipata joto la injini chuma kinatanuka, ufa unaachana, umeme unakatika, pampu inanyamaza, gari linazima. Likipoa, vinagusana tena. Ugonjwa wote ule ulikuwa ni huo. Nilipasha pasi ya lehemu, nikaondoa lehemu ya zamani, nikatia mpya kwenye miguu yote, siyo ule mmoja tu. Kazi ya dakika ishirini. Mzee alilishika sanduku lile mkononi, akalitazama kwa muda mrefu sana, na hakusema neno.

Jirani yake relei ile, mahali pale pale, kuna sanduku jingine la rangi ya fedha lenye fyuzi juu ya kichwa chake. Hiyo ni relei ya kuzuia umeme kuzidi. Nayo hupata ufa kwa njia ile ile. Dalili zake mnazijua bila kujua mnazijua: taa ya ABS, ile ya breki zisizofunga magurudumu, inawaka kwenye dashibodi, na injini inapanda na kushuka yenyewe gari likiwa limesimama. Watu wanabadilisha sensa za magurudumu, ilhali relei hiyo ndiyo inayolisha kompyuta ya breki na ya injini kwa pamoja. Ukiona malalamiko mawili yasiyohusiana yamekuja siku moja, tafuta mahali yanapokunywa umeme pamoja.

Na kabla ya yote hayo, betri. Betri iliyopumzika usiku kucha iwe na volti 12.6 au karibu yake. Injini ikiwaka, upime tena: iwe kati ya 13.8 na 14.4. Ikiwa 12 na kitu, oltaneta, ile mashine ya kuchaji betri, haichaji, na mara nyingi oltaneta yenyewe si mbovu. Zile za Bosch zina regyuleta, kidhibiti cha chaji, mgongoni, skrubu mbili tu, na ndani yake mna kaboni mbili zinazolika. Zikibaki milimita tano, badilisha regyuleta, uache oltaneta ya watu. Halafu pima ardhi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Weka mguu mmoja wa mita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, mkanda wa ardhi umeoza. Nimeona gari lililobadilishiwa stata mara mbili kwa ajili ya mkanda ule.

Tuje kwenye joto, maana najua ndilo lililowaleta wengi wenu. Kuna jambo linafanywa katika gereji zetu kutoka Malaba mpaka Arua, na ningependa life leo: kutoa themostati, kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji ya injini, na kuitupa. Gari likichemka tu, fundi anasema, "Sisi nchi yetu ya joto, kitu hiki ni cha Wazungu, kinaziba maji." Nimesikia haya tangu utotoni. Sikilizeni kilivyotengenezwa. Themostati ya injini hizi ina visahani viwili. Cha juu hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, maji yanakopozwa. Cha chini, wakati huo huo, hufunga njia ya mkato, ile ambayo maji hupitia injini ikiwa baridi, yakizunguka ndani kwa ndani bila kwenda kwenye rejeta. Ukiitoa themostati njia ya rejeta inabaki wazi, ndiyo, lakini na ya mkato pia inabaki wazi. Maji ni kama sisi wanadamu, hufuata njia fupi. Sehemu kubwa ya maji inarudi kwenye injini yakiwa na moto wake ule ule. Kwa hiyo umetoa kitu ili gari lipoe, na siku ya mlima litachemka zaidi. Na siku isiyo ya mlima injini itakuwa baridi mno, kompyuta itadhani ni asubuhi daima, itamimina petroli, na petroli itaosha oili kwenye kuta za silinda. Mwenyewe anakuja kulalamika gari linakunywa sana.

Themostati ikitiliwa shaka, ipimeni. Ichemsheni kwenye sufuria, mkiwa na kipimajoto. Namba imeandikwa juu yake, na kwenye nyingi za Benzi hizi ni 87: hapo ndipo huanza kufunguka. Ila kuna jambo la hapa kwetu ambalo fundi wa Ujerumani halimsumbui. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Kabale, kwenye mita zinazokaribia 2,000, huchemka kwenye 93 au 94. Kwa hiyo kwenye sufuria yako utaiona ikianza kufunguka, lakini usitegemee kuiona imefunguka yote, na usiihukumu kwa hilo.

Urefu huo wa nchi yetu ndio unaonifanya nisisitize kifuniko cha maji. Kifuniko kile si cha kuzuia maji yasimwagike tu. Kimeandikwa 1.4, na maana yake kinayabana maji kwa nguvu ya bar 1.4 zaidi ya hewa ya nje, na maji yaliyobanwa hivyo hupita nyuzi 120 bila kuchemka. Mpira wake ukipasuka au springi ikilegea, unarudi kwenye 96 yako ya Kampala, na sindano ya gari ikiwa kwenye 100 tu tayari unatoa mvuke. Nimewahi kuona injini imefunguliwa hedi, yaani kichwa chake, kwa sababu ya kifuniko. Na nyinyi vijana, kifuniko hicho msikifungue injini ikiwa na moto, hata mwenye gari awe na haraka kiasi gani. Mnayaona makovu ya mkono wangu huu. Mkono haukosi kitu cha kufanya kwa muda wa kungoja saa moja.

Sasa, kujua joto linatoka wapi. Muulize mwenye gari swali moja: linachemka wapi? Akikwambia linachemka kwenye foleni, pale Kibuye au Clock Tower, na likifika barabara tupu linapoa, basi maji yanazunguka vizuri, kinachokosekana ni upepo. Tazama feni. Feni ya 124 ina klachi yenye mafuta mazito ndani. Injini ikiwa na moto, izime, toa ufunguo, kisha ulizungushe panga la feni kwa mkono. Likikataa kidogo, kama linasukumwa kwenye uji, klachi ni nzima. Likizunguka bure kama pia ya mtoto, klachi imekufa. Lakini akikwambia linachemka likipanda kwa kasi, na kwenye foleni halina neno, acha feni. Tafuta rejeta iliyoziba kwa ndani, na mara nyingi iliyoziba ni ile iliyokunywa maji ya bomba na ya mtaro kwa miaka kumi. Kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, ni ghali, najua. Hedi ya aluminiamu iliyolika kwa kutu ni ghali zaidi ya kulanti ya maisha yako yote.

Kuhusu gasketi ya hedi, kile kizibo kati ya hedi na injini, nitasema kidogo tu, kwa sababu inasingiziwa mno. Asubuhi, gari baridi, washa injini, ushike mpira wa maji wa juu. Ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika mbili tatu, kabla hata maji hayajapata joto, hapo gesi ya silinda inaingia kwenye maji na una haki ya kuzungumzia gasketi. Bila dalili kama hiyo, au maji kupungua bila kuvuja nje, msifungue hedi ya mtu.

Waliokuja na 280 na 320 za miaka ya mwanzo ya 1990, hasa za 1993 mpaka 1995, zenye injini ya M104, naomba mnisikilize kwa makini zaidi. Waya za injini za miaka ile zilifunikwa kwa ganda lililokusudiwa lioze likishatupwa, kwa ajili ya mazingira. Nia ilikuwa njema. Lakini ganda halikungoja kutupwa, likaoza ndani ya gari, kwa joto la injini. Mwezi uliopita nilishika waya mmoja wa sensa kwenye 320, nikaukunja kidogo tu kwa vidole viwili. Ganda likamegeka na kuanguka kama ukoko wa chapati iliyosahauliwa jikoni, nyaya za shaba zikabaki uchi, mbili mbili, zimelala ubavu kwa ubavu. Nyaya zikigusana gari linamisi, yaani linakatakata, leo, kesho halimisi, keshokutwa linazima Jinja Road, na siku zikigusana vibaya zinaua kompyuta au ile injini ndogo ya kufungulia hewa. Kuna kibandiko chenye tarehe kwenye wayaringi hiyo, yaani fungu zima la waya. Kisome. Kama ni ya miaka hiyo na haijawahi kubadilishwa, usianze kazi yoyote ya umeme kabla ya kuifungua na kuitazama. Mpya ikikosekana, fundi mvumilivu anaweza kuisuka upya waya kwa waya kwa nyaya za silikoni zinazostahimili joto, akiacha soketi zile zile. Nimeisuka mara nne. Inachukua siku tatu na inahitaji kichwa kilichotulia, kwa hiyo usiifanye ukiwa unapigiwa simu.

Injini hiyo hiyo ya M104 plagi zake zimekaa ndani ya mashimo, chini ya kifuniko. Ukiipeleka kwa waosha magari wakapiga injini kwa mashine ya maji ya presha, mashimo yanajaa maji, na gari linarudi nyumbani likitetemeka. Jumatatu fundi anauza koili, zile zinazotoa cheche za plagi. Ondoa kifuniko, chomoa, puliza kwa upepo, kausha. Na M103 nayo, asubuhi za mvua, unyevu huingia kwenye kifuniko cha distribyuta. Kitambaa kikavu kinatosha kujua.

Giaboksi. Bodi ya 210, zile zenye taa za mviringo, nyingi kuanzia 1996 na kuendelea zina giaboksi ya gia tano inayoongozwa na kompyuta. Mtu anakuja analia: gari limekwama gia ya pili, halibadili. Anaambiwa giaboksi imekufa. Kompyuta ikiona jambo isilolielewa, kwa makusudi inalifunga gari kwenye gia ya pili ili ufike nyumbani. Ni ulinzi huo, haina maana kwamba gia zimevunjika. Ubavuni mwa giaboksi kuna plagi ya umeme yenye oringi mbili, pete za mpira. Oringi zikikauka, mafuta ya gia yanapenya kwenye plagi, halafu yanapanda ndani ya nyaya, polepole, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, mpaka yanafika kwenye kompyuta yenyewe. Wengi hawaamini mpaka wachomoe soketi ya kompyuta waone imelowa mafuta mekundu. Badilisha plagi, safisha soketi kwa dawa ya kusafishia umeme, pima mafuta, ujaribu. Watu waliambiwa kwamba mafuta ya giaboksi ile ni ya maisha. Yabadilisheni, na filta yake.

Mashine za kusoma kompyuta mnazipenda, nami ninayo. Lakini nyingi za Benzi za miaka ya 1990 zina soketi ya duara yenye matundu 38 chini ya boneti, na kile kidude cha bei rahisi cha matundu 16 hakitawaambia mengi. Hata mashine nzuri haisemi "nunua sensa". Inasema mahali pametoka malalamiko. Sensa ya hewa chafu ikilalamika, huenda kuna mpira wa hewa uliopasuka nyuma ya injini. Mashine imekuonyesha mlango, kupiga hodi ni kazi yako.

Springi za upepo, bodi ya 220, iliyoanza 1998. Gari linalala chini usiku kama ng'ombe. Maji ya sabuni kwenye springi na viungo, utaona povu. Usibadilishe kompresa kabla ya kuziba uvujaji, maana kompresa iliungua kwa kuhangaika kujaza kilichotoboka, na mpya itaungua vile vile.

Na mzee wangu pale mbele aliniuliza asubuhi juu ya 300D yake, bodi ya 123, dizeli isiyotaka kuzima hata ufunguo ukiwa mfukoni. Mzee, injini yako haizimwi kwa umeme, inazimwa kwa mvuto wa hewa, na mvuto huo huo ndio unaofunga milango yako. Anza kutafuta kwenye kufuli za milango. Mlango wa nyuma ukiwa na kipira kilichochanika ndani, injini mbele inakataa kuzima. Kwa sasa, chini ya boneti kuna mkono mdogo umeandikwa STOP, usukume.

Mkienda kununua, Kisekka au Katwe, msiende na neno "ya Benzi". Nendeni na namba ya chesisi. Namba inayoanza na WDB124030, kwa mfano, ni 300E, haina ubishi, na spea yake inajulikana. Nendeni na kile cha zamani mkononi mkilinganishe mguu kwa mguu. Na vijana, mnapolala chini ya gari liwe limekalia stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia, haibebi roho ya mtu. Nimezika rafiki.

Haya, ngoja. Mnasikia? Ile Benzi nyeupe imenyamaza. Ni E240, mwenyewe alisema huzima ikipata moto, na imenguruma tangu nilipoanza kuzungumza. Ameshaambiwa anunue pampu. Tusogee pale wote, haraka kabla haijapoa. Kijana, usiguse betri. Wewe kaa kwenye usukani, na nitakapokwambia piga stata, usitazame kitu kingine chochote, tazama sindano ya mizunguko ya injini, utuambie kwa sauti kama inatikisika au imelala kwenye sifuri. Ikilala kwenye sifuri, tutaanzia kwenye sensa ya kranki, ile inayohisi mzunguko wa injini, nyuma kule injini inapokutana na giaboksi. Ikitikisika, nileteeni mita.